Maziwa Aliyoyakataa Kogo

Krrr. Kimya. Kisha krrr tena, fupi zaidi.

Kogo Tapsubei alikuwa akipasua pakiti ya plastiki chini ya blanketi, kidogo kidogo, kwa ukucha wa kidole gumba, ili asimwamshe mjukuu wake aliyelala kitanda cha pili. Kulikuwa bado giza. Mtaani Pioneer hakuna pikipiki iliyokuwa imewashwa, na nyumba ikiwa kimya namna hiyo, plastiki hupiga kelele kama bisi kwenye sufuria.

"Kogo?" Chepkorir aliguna, akimwita nyanya yake kwa lugha yao. "Ni nini?"

"Ni dawa zangu tu. Lala, mama. Leo watu watakuangalia uso mchana kutwa."

Chepkorir akageukia ukutani. Kogo alizuia pumzi mpaka aliposikia msichana anakoroma tena, ndipo akainuka na pakiti yake kifuani, akaenda bafuni akitembea kwa vidole.

Humo ndani aliwasha taa, akatoa daipa moja, akaiangalia. Hazikuwa zile alizozizoea. Zile zake zilikuwa nene, zina mpira laini unaoshika paja bila kuuma, na gundi unayoweza kuifungua ukaifunga tena. Zilikuwa zimeadimika mjini. Naomi, mke wa mwanawe Kipchumba, mama yake Chepkorir, alikuwa amezunguka duka kwa duka siku iliyotangulia, mvua ikimnyeshea, akaishia kununua hizi kwenye kibanda kimoja sokoni, zikiwa zimefungwa upya katika mfuko usio na jina. "Zinafanana, Mama," Naomi alikuwa amesema. Lakini alisema akiwa ameinama anakwangua matope kwenye viatu vyake, na Kogo akajua hata yeye haamini. Hakumlaumu. Aliyatazama yale matope, yaliyofika mpaka kwenye kifundo cha mguu, akamwambia asante.

Sasa aliitandaza ile daipa juu ya beseni, akachota maji nusu kikombe, akamimina. Maji yalikaa juu kwa muda kama yanayofikiria. Kisha yakaanza kudondoka upande wa pili, to, to, to.

"Haya," alinong'ona. "Ni karatasi."

Akachukua wembe, akaichana daipa ya pili katikati kidogo, ili ikilemewa ipitishe maji kwa ile ya chini yake. Akazivaa zote mbili kwa pamoja. Gundi ya upande wa kulia ikang'oka na kipande cha plastiki. Akatafuta leso kuukuu, akararua utepe, akajifunga kiunoni kama mtu anayefunga mzigo wa kuni. Alipopiga hatua, alisikika. Akavaa sketi ya ndani, halafu nyingine juu yake, akapiga hatua tena. Sauti ikapungua. Haikwisha.

Jambo moja tu lilimpa moyo: tangu jana mchana hakuwa amekunywa kitu. Wala chai, wala uji, wala maji ya kumezea dawa. Mdomo ulikuwa umekauka mpaka ulimi unashika meno. Kisima kisichojazwa, alijiambia, hakifuriki.

Siku hiyo ilikuwa ya koito. Watu wa Dennis Wabuge walikuwa wanatoka Moi's Bridge kuja kumposa Chepkorir, waketi na wazee wa ukoo wakubaliane mahari. Na koito si kikao cha kuingia na kutoka. Mkishaketi mmeketi. Mwanamke mkubwa wa nyumba akiinuka mazungumzo yakiendelea, wageni watajiuliza amekimbia nini. Tangu mume wake afariki na yeye ahamishwe kutoka Kaptagat kuja kukaa kwa mwanawe, mwanamke mkubwa wa nyumba hii alikuwa yeye.

Angeweza kujisingizia homa. Alikuwa amelifikiria jambo hilo wiki nzima. Lakini ndugu wa marehemu mume wake walikuwa wamegawanyika juu ya kijana huyu wa Kibukusu, na Chepkorir alikuwa ameketi miguuni pake jioni moja, amemshika vidole. "Kogo, wewe ukiwa hapo mbele, hakuna mtu ataleta maneno. Si utakuwa?" Naye alikuwa amejibu, "Nitakuwa." Neno limeshatoka.

Kilichomtia hofu hakikuwa maji yenyewe. Ni watu. Mapema mwaka huu, kanisani, ibada ilirefuka na daipa ikashindwa. Alipoinuka, benchi lilikuwa limelowa. Mama Joy, jirani yao, alimvuta mtoto wake kwa mkono akasema, si kwa sauti kubwa lakini si kwa sauti ndogo, "Toka hapo, utaambukizwa uzee." Wanawake wawili walicheka kwenye leso zao. Mzee wa kanisa alitazama dari. Mtu mmoja tu, msichana wa kwaya ambaye mpaka leo Kogo hajui jina lake, alikuja akavua sweta yake akaiweka juu ya benchi, akaketi papo hapo juu yake, akaanza kuimba na wenzake kana kwamba hapo ndipo mahali pake pa siku zote. Kogo humwombea msichana huyo kila asubuhi. Lakini hajarudi kanisani.

Jua lilipotoka Naomi alimkuta jikoni, amesimama.

"Umekunywa chai, Mama?"

"Nitakunywa baadaye."

Naomi alimtazama midomo iliyopasuka. "Kiti chako nimekiweka mwisho wa safu, karibu na mlango wa nyumba," alisema kwa sauti ya chini. "Ukitaka kuinuka unaingia tu. Nimekiwekea mto mweusi."

"Mungu akubariki, mwanangu."

Mpango ulikuwa mzuri. Ila Naomi hakuwa amemhesabu Mzee Kigen.

Mzee Kigen, mdogo wa marehemu mume wa Kogo, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Alifika amevaa koti na kofia, akaingia chini ya tenti uani, akakagua viti vya kukodi vilivyovishwa vitambaa vyeupe na riboni. Alipofika mwisho wa safu akasimama.

"Huu mto mweusi ni wa nani? Kuna matanga hapa?"

"Ni wa Mama," Naomi alisema. "Anapenda kukaa pembeni."

"Pembeni? Mke wa kaka yangu akae pembeni kama mtu amekuja kuosha vyombo? Wageni watasema tunamficha." Akautupa mto jikoni, akamshika Kogo mkono kwa heshima zote, akamketisha katikati ya safu ya mbele, juu ya kitambaa cheupe pe. "Hapo. Hapo ndio wewe."

Kogo akaketi. Chini yake kukasikika krrr. Alikohoa haraka kuifunika.

Wageni walifika kwa magari mawili, viatu vimejaa matope ya Moi's Bridge. Msemaji wao alikuwa Mzee Wasike, mtu mfupi, mwenye tumbo na macho ya kuchekesha. Nyuma yake alitembea nyanya yake Dennis, mwanamke mrefu aliyejifunga shuka nzito mabegani, ambaye vijana walimwita Kukhu Nekesa. Dennis mwenyewe alikuja mwisho, ameshika mikono mbele kama mtu anayesubiri kuchapwa. Waliketi safu ya pili iliyotazamana na ya wenyeji, na Kukhu Nekesa akawa uso kwa uso na Kogo.

"Mmepotea, ama?" Mzee Kigen alianza, kama inavyotakiwa. "Hapa si sokoni. Hatununui mahindi."

"Mahindi tumeacha nyumbani," Mzee Wasike akajibu. "Tukileta hapa mtakula mpaka msahau kuuliza maswali."

"Basi mnataka nini?"

"Tunauliza njia."

"Njia ya wapi?"

"Ya kurudi hapa kila mwaka bila kufukuzwa na mbwa."

Watu wakacheka. Mzee Kigen akajikaza asicheke. "Mbwa wetu hafukuzi mtu mwenye ng'ombe. Hufukuza wenye maneno mengi."

"Basi mimi ameshaniuma," Mzee Wasike akasema, akashika tako kwa mikono miwili na kuruka kutoka kwenye kiti.

Tenti nzima iliangua kicheko, na Kogo naye akacheka. Hakukusudia. Kicheko kilimtoka tumboni kabla hajakifungia mlango, na pamoja nacho kikatoka kile alichokuwa amekibana tangu alfajiri. Kidogo tu, alijiambia. Kidogo tu. Lakini mwili uliokauka hutoa maji makali, na alihisi joto lile likipita daipa ya kwanza, likipita ya pili, likishuka pajani upande ule ambao gundi ilikuwa imeng'oka.

Akaacha kucheka. Akabana magoti. Hakuna aliyemtazama bado, isipokuwa mwanamke mmoja mrefu aliyeketi mbele yake.

Hapo ndipo maziwa yalipoletwa.

Kwa ukoo wao, mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni, hunywewa kwanza na mwanamke mkubwa wa nyumba. Akinywa, nyumba imefunguka, na wageni nao wanapewa. Asiponywa, ameona kitu. Watu wote wa ukoo walikumbuka shangazi aliyewahi kurudisha maziwa, na posa ile ikaishia pale pale. Kogo alikuwa amelipangia jambo hili. Zamani maziwa yale yalinywewa kwa kifuniko cha kibuyu, funda moja basi, na funda moja angelimudu. Lakini Mzee Kigen alitaka wageni waone ukarimu. Alikuwa ameleta kikombe cha bati, kile kikubwa cha kunywea uji, akatikisa kibuyu, akamimina mpaka juu, maziwa mazito ya rangi ya majivu, akamkabidhi Kogo kwa mikono miwili.

"Mama, tufungulie."

Kogo alikipokea. Kilikuwa kizito. Harufu yake nzuri ilimpanda puani, na koo lake lililokauka likalia lenyewe. Alitamani kunywa kuliko alivyowahi kutamani kitu. Akakiweka kikombe mdomoni, akalowesha midomo, akakishusha.

"Nimekunywa," alisema.

Mzee Kigen alichungulia. Kikombe kilikuwa kimejaa vile vile. "Mama, kikombe hurudi kitupu. Unajua."

"Nimeshiba, Kigen."

"Umeshiba nini? Hata chai hujanywa."

Akakirudisha kikombe, na kwa kuwa kilikuwa kimejaa mpaka juu, maziwa kidogo yakamwagika chini kwenye nyasi, kati ya wenyeji na wageni.

Tenti ikanyamaza. Nyuma ya Kogo mpwa mmoja wa mume wake akasema taratibu, "Nilisema mimi. Wazee wameona." Upande wa pili wageni walianza kunong'onezana kwa lugha yao. Kijana mmoja wao hakunong'ona. "Si waseme tu ni kabila," alisema. "Tumeendesha gari asubuhi yote kuja kutemewa maziwa?"

"Nyamaza wewe," Mzee Wasike akamwambia. Lakini macho ya kuchekesha yalikuwa yameondoka usoni pake.

Dennis alikuwa anatazama viatu vyake. Na kule mlangoni, kati ya wasichana waliokuwa wakimsindikiza, Chepkorir alikuwa amesimama na taji lake la maua kichwani, anamtazama Kogo. Hakuwa na hasira. Ingekuwa heri awe na hasira.

Niinuke niseme, Kogo aliwaza. Lakini akiinuka, kitambaa cheupe kitasema kabla yake. Akibaki ameketi, mjukuu wake ataachwa. Alishika kingo za kiti. Aliomba Mungu alete mvua, au moto, au chochote.

Kukhu Nekesa ndiye aliyeinuka. Watu wote walidhani anaondoka. Alivuka ile nafasi katikati ya safu mbili, akakanyaga mahali maziwa yalipomwagika, akasimama mbele ya Kogo na kuinama kama mtu anayeaga.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "kama ni kijana wetu, niambie mimi, nikaseme nyumbani kwa maneno mazuri. Usituache tuondoke hivi."

Kogo alimshika mkono. Ulikuwa mkono mkavu, wa jembe, kama wake. Maneno yalitoka yenyewe.

"Si kijana wenu. Nimelowa. Ninavaa daipa, na hii ya leo ni mbovu, imepitisha. Ningekunywa kikombe kile ningekuwa kisima hapa mbele yenu. Siwezi kuinuka."

Kukhu Nekesa hakushtuka. Wala hakurudi nyuma. Alikaa ameinama vile vile, kana kwamba anatafakari bei ya kitu. Kisha akajinyoosha, akavua ile shuka nzito mabegani, akapiga kigelegele kirefu kilichowashtua hata wa kwao.

"Nimempenda huyu mama!" alitangaza. "Namvika!" Akamzungushia Kogo shuka kiunoni akiwa bado ameketi, akaikaza, akamwinua nayo. "Sisi wanawake wakubwa tuna neno letu ndani. Nyinyi endeleeni kukunja uso."

Wakaingia ndani wameshikana. Kogo hakugeuka kutazama kiti. Hakuweza.

Chumbani Naomi alikuja mbio na beseni na kitambaa. "Ni mimi, Mama, ni mimi, ningetafuta zaidi…"

"Nyamaza, mtoto. Hakuna cha kutafuta kilichobaki mjini, hata viatu vyako vinajua."

Kukhu Nekesa aliinua ile daipa iliyolowa kwa vidole viwili, akaitazama kama mwanamke anayekagua nyama buchani. Pamba ya ndani ilikuwa imejikusanya madonge madonge, kama ugali uliosongwa vibaya, na katikati kumebaki plastiki tupu.

"Mwizi mkubwa aliyetengeneza hii," alisema. "Mzee wangu alivaa hizi mpaka alipokufa. Mara ya kwanza nilipokwenda kumnunulia, mwenye duka akapaza sauti, 'Za mtoto au za mzee?' Watu wote wakageuka. Nikasema za mtoto. Nikabeba za mtoto mpaka nyumbani, dada, nikalia, kesho yake nikarudi."

"Na yeye? Mzee?"

"Aliacha kwenda barazani. Aliacha kunywa maji, kama wewe. Mwisho figo zikamuuma kuliko aibu." Aliweka daipa chini. "Nilimficha. Nilidhani ninamtunza. Wenzake walidhani ana kiburi, wakaacha kuja. Alikufa akidhani wamemchukia."

Kogo alioshwa, akafungwa nyingine mbili juu ya taulo la mtoto alilolipata Naomi, ukingo wa mguuni ukavutwa nje vizuri ili usikunjike ndani. Ilikuwa afadhali. Si salama, ila afadhali. Kukhu Nekesa akaifunga shuka juu ya yote.

"Tukitoka nitasema nini?" Kogo aliuliza.

"Sema unalotaka. Sema tulikuwa tunahesabiana wajukuu. Mimi nitaitikia."

Kogo alijua haitatosha. Kwa ukoo wao, mwenye kurudisha maziwa hutoa sababu mbele ya watu, na Mzee Kigen si mtu wa kusahau desturi.

Wakatoka. Kogo alipofika uani akasimama.

Kitambaa cheupe cha kiti chake hakikuwepo. Lakini hakikuwepo kwenye kiti chochote. Safu nzima ya mbele, ya wenyeji na ya wageni, ilikuwa imevuliwa vitambaa na riboni, vimebaki viti vya plastiki vya kijani, na watu wameketi juu yake wakitazamana bila kuelewa. Chepkorir alikuwa anafunga rundo kubwa la vitambaa ndani ya shuka la kitanda, taji lake limeenda upande.

"Vilikuwa vinateleza," alisema, alipoulizwa na shangazi mmoja. "Wazee wataanguka."

Hakumtazama Kogo. Alilibeba lile rundo, akapita karibu naye kabisa, bega likamgusa, akaingia ndani.

Kogo alikiendea kiti chake. Hakuketi.

"Mama," Mzee Kigen akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyesumbuka, si mkali. "Umeturudishia maziwa. Ukoo unataka kusikia. Umeona nini kwa kijana huyu?"

Mdomo ulikuwa mkavu. Aliikaza kiunoni shuka ya mwanamke wa watu. Alimwona Mama Joy kwenye ukuta wa nyuma pamoja na majirani, ameegemea, masikio yamesimama. Alijua kwamba kabla ya jioni mtaa wote utajua.

"Sijaona kitu kwa kijana," alisema. "Kijana ni mzuri. Sikumkataa yeye. Nilikataa kunywa." Akameza mate ambayo hayakuwepo. "Mimi siwezi kushika maji. Ni miaka sasa. Ninavaa daipa, zile za watu wazima. Ya leo ilikuwa mbovu, na nilicheka, na ikavuja, na kikombe cha Kigen kilikuwa kikubwa. Ni hivyo tu. Msimwache mtoto wangu kwa sababu ya kibofu changu."

Msichana mmoja alicheka, kicheko cha hofu, akajiziba mdomo. Mtu akasonya. Mama Joy alimwinamia mwenzake akasema kitu. Mzee Kigen alivua kofia, akaivaa tena.

"Lakini mama," alisema hatimaye, akiwa amejawa na haya, "mambo hayo… mbele ya wakwe…"

"Wakwe gani?" Mzee Wasike akamkatiza. "Mzee mwenzangu, mimi tangu nifike hapa nimeenda choo chenu mpaka mbwa amenizoea. Umeniuliza sababu? Ati mama akitumia akili kukaa kwenye kiti, huyo ndiye wa kuulizwa?"

Kicheko hiki cha pili hakikuwa kikubwa. Kilianza kwa wazee wenyewe, wanaume waliojua wanacheka nini, kikatembea. Wengine hawakucheka. Yule mpwa nyuma alibaki amekunja mikono. Dennis alikuwa ameinua kichwa.

Mzee Kigen alisogea mbele na kibuyu chake. Kisha akamimina kile kikombe cha bati chini, akatoa kifuniko cha kibuyu, kile cha zamani, akakipangusa kwa ndani ya koti lake, akamimina funda moja.

"Nisamehe, mke wa kaka," alisema. "Nilitaka wageni waone."

Kogo alikunywa. Funda lilishuka kama mvua kwenye shamba lililopasuka. Alikirudisha kifuniko kitupu, na wanawake wakapiga vigelegele, wa Moi's Bridge kwanza.

Mazungumzo yaliendelea hadi jua likaegemea. Kogo aliketi katikati muda wote kwenye kiti cha plastiki, na hakuna dakika aliyosahau. Kila alipokohoa alisikiliza mwili wake. Mara mbili alimwona mtu akimtazama kiunoni badala ya usoni. Naomi alimletea maji kwa kikombe kidogo, akanywa nusu, akaogopa, akanywa iliyobaki. Kukhu Nekesa alikuwa amehamisha kiti chake, akaketi ubavuni pake upande wa wenyeji, jambo ambalo si desturi, na hakuna aliyethubutu kumwambia arudi.

Ng'ombe walikubaliwa. Chepkorir akapakwa siagi ya baraka kichwani, na Kogo ndiye aliyempaka. Msichana alimshika mikono yenye mafuta akaikandamiza mashavuni pake mwenyewe.

Wageni walipoanza kuingia kwenye magari, majirani nao walianza kutawanyika. Mama Joy alipita na bakuli lake la chakula limefunikwa. "Pole, Kogo," alisema, bila kusimama. Labda alikuwa na huruma. Labda alikuwa na haraka ya kufika kwenye nyumba za wengine. Kogo hakujua, na alihisi ile hofu ya kanisani ikimrudia shingoni, baridi, kama mkono wa mtu.

Alimfuata Kukhu Nekesa mpaka kwenye mlango wa gari, akaanza kufungua ile shuka.

"Acha," Kukhu Nekesa akamwambia kutoka dirishani. "Kwangu kuna nyingine."

Injini ikawashwa. Ndani ya gari vijana walikuwa tayari wanazungumza wote kwa pamoja na kucheka, na Kogo hakuelewa lugha yao. Akashika dirisha kwa mikono yote miwili, dereva akalazimika kungoja.

"Wakicheka njiani, waache wacheke," alisema. "Lakini wewe uje tena. Usingoje harusi, wala usingoje ng'ombe. Uje tu, siku yoyote, tukae. Utakuja, dada?"